Aliyemwitikia Roda

Kwanza ilikuwa sakafu tu. Jumatatu asubuhi Sista Zainabu alifungua dispensari yake, iliyo katikati ya miwa nje kidogo ya Shianda, akakuta korido nzima mbichi, imepigwa mopu kutoka mlangoni hadi chumba cha kujifungulia. Funguo zilikuwa mbili. Moja alikuwa nayo mkononi, na ya pili ilikuwa ndani, ukutani, palepale alipoitundika Ijumaa.

Mtu mwingine angeshukuru. Dispensari haikuwa na mtu wa usafi tangu Roda afariki wiki tatu kabla, na wauguzi walikuwa wakipokezana ndoo kwa manung'uniko. Lakini Zainabu alisimama kizingitini na viatu mkononi, hathubutu kuingia, kwa sababu alijua alichokifanya Alhamisi.

Na alichokifanya ni hiki. Kaunti ilikuwa inapunguza matumizi, na waziri wake wa afya alikuwa ametangaza kwamba kituo chochote chenye wafanyakazi chini ya kumi kitafungwa. Dispensari ya Zainabu ilikuwa na kumi, lakini kumi pamoja na Roda. Alhamisi akaja afisa wa kuhesabu watu, bwana mmoja aitwaye Kiprotich, mwenye haraka zake na vituo vinne vingine vya kumaliza siku hiyo. Aliwapanga uani, akainamia orodha yake ya zamani, akaanza kuita majina. Aliyeitika alitiwa tiki. Bwana huyo hakuinua macho hata mara moja. Labda aliogopa kuziona nyuso za watu anaotaka kuwafuta.

"Roda Awinja?"

Zainabu akamfikiria mama mwenye uchungu wa kuzaa, kituo kimefungwa, akipelekwa hospitali ya Mumias kwa pikipiki, barabara tope tupu, damu ikimtoka. Akavuta barakoa juu, akajibanza nyuma ya wenzake, akaitika, "Niko!"

Nekesa, mkunga mwenzake, alimfinya mkono hadi ukamuuma. Watu wa huko wanajua: mpaka wafiwa wanyolewe nywele, jina la marehemu haliitwi kwa namna ya kutaka aitike. Na kwa kina Roda walikuwa bado hawajanyoa, walikuwa wanamngoja kaka yake aliye ng'ambo. Kiprotich alikuwa mgeni, tumsamehe. Zainabu alizaliwa hapohapo.

Sasa Nekesa alifika nyuma yake, akaitazama ile sakafu.

"Nani ameosha?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui."

"Sista, sisi wote tunaanzanga ndani tukitoka nje. Roda peke yake ndiye alikuwa anaanzanga mlangoni. Anaishia huko kwa chumba cha kina mama, anakaa huko mpaka ikauke."

Wote wawili wakautazama mlango wa mwisho wa korido. Juu ya ule unyevu hapakuwa na unyayo hata mmoja wa mtu aliyetoka.

Zainabu alikwenda akaufungua, maana yeye ndiye mkubwa wa kituo na mtu alipaswa kuufungua. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na harufu ya dawa ya sakafu na chini yake harufu nyingine, ya udongo uliochimbwa leo, na ndoo ilikuwa katikati ya chumba, mkono wake wa waya bado unacheza.

Wiki hiyo sakafu ilioshwa kila siku. Wagonjwa wakasifu usafi. Mheshimiwa Simiyu, mjumbe wa wadi yao, naye akasimama kwenye bunge la kaunti mjini Kakamega akambana waziri: kwa nini dispensari ya watu wake imo kwenye orodha ya kufungwa ilhali ina wafanyakazi kumi kamili? Waziri akasema hana hakika na hao kumi. Simiyu akapandwa na hasira, akataka waletwe wote mbele ya kamati, waitwe jina kwa jina, nchi nzima ione. Alidhani anawasaidia, maskini.

"Tutasema Roda anaumwa," Nekesa alinong'ona. "Barua ya daktari tutatafuta."

Siku ya pili yake, saa nane mchana, jua likiwaka na benchi limejaa wagonjwa, Zainabu alikuwa mezani akimpima mtoto joto. Akamwambia mamake, "Mgeuze kidogo." Yule mama hakumgeuza. Akarudia, kwa nguvu zaidi, na mama akaendelea kumbembeleza mtoto na kuangalia mlango kama mtu anayengoja muuguzi aje. Ndipo kutoka chumba cha kujifungulia, ambacho hakikuwa na mtu tangu asubuhi, ikasikika sauti ikiita majina, moja moja, bila haraka, majina ya wafanyakazi wa dispensari kwa mpangilio uleule wa Kiprotich, na kila jina likifuatwa na kimya kidogo cha kungoja jibu, na sauti ile ilikuwa ya Zainabu mwenyewe, pamoja na ule ukwaruzo wake wa mafua ya mwezi uliopita, ikitoka kule mwisho wa korido naye amekaa hapa na kinywa kimefumbwa.

"Nekesa Wafula?" sauti iliita.

Nekesa alikuwa stoo akipanga dawa. "Nani—" alianza, na Zainabu alikuwa ameshamrukia, akamziba mdomo kwa kiganja. Wakakaa chini kati ya maboksi, wameshikana, mpaka sauti ikafika mwisho wa orodha na maji yakaanza kumwagika ndani ya ndoo.

"Ilikuwa wewe," Nekesa alisema. "Sista, ilikuwa wewe unaniita."

"Mimi niko hapa."

"Umesema?"

"Nimesema niko hapa!"

Nekesa alimkazia macho midomoni, kama kiziwi. Zainabu alilia jioni hiyo, kilio cha hofu.

Kesho yake alikwenda Mumias kwa Maalim Umar, mzee anayesomea watu visomo nyuma ya duka lake la nafaka.

"Asalaam aleykum, maalim."

Mzee hakuinua kichwa hadi Zainabu alipogusa meza. "Waaleykum salaam. Sema kwa nguvu, binti yangu, sauti yako ni kama iko ng'ambo ya mto."

Akamweleza yote. Maalim alisikiliza ametega sikio, uso ukizidi kuingia giza.

"Huyo si Roda," alisema hatimaye. "Maiti harudi kufagia. Lakini ulimwitikia mtu ambaye hayupo akawa yupo, na pale uani palikuwa na kiumbe anasikiliza. Amechukua nafasi ya Roda. Sauti ulimpa wewe mwenyewe. Sasa anaitumia, na akitumia, wewe inakuishia."

"Nifanye nini?"

"Nenda kwa huyo afisa leo. Ukaseme kwa kinywa kilekile: Roda amekufa, aliyeitika ni mimi. Kisomo nitakusomea, lakini kisomo peke yake hakitatosha. Na usingoje hiyo kamati. Ukingoja aitwe tena na aitike mwenyewe, mimi sina dawa."

Zainabu alitoka akiwa ameamua. Ofisi ya Kiprotich ilikuwa mjini, na alifika hadi langoni. Hapo akamkumbuka tena yule mama mwenye uchungu juu ya pikipiki. Kamati ilikuwa Jumanne, siku nne tu. Akajiambia atavumilia hizo siku nne, kituo kikishaokolewa atakwenda kuungama, wamfukuze yeye peke yake. Aligeuka akarudi nyumbani, na nani angemlaumu?

Jumanne gari la kukodi nusura limwache. Nekesa alikuwa amesimama mlangoni mwa gari akisema, "Twende, tuko wote," na Zainabu alikuwa mbele yake, amemshika mkono.

Ukumbi wa kamati ulikuwa na viti vyekundu na baridi ya mashine. Waziri alikaa upande mmoja na karatasi zake. Mheshimiwa Simiyu alikuwa mbele, akitabasamu. Karani akaanza kuita. Mmoja akaitika, wa pili, wa tatu. Nekesa akaitika.

"Roda Awinja?"

Nekesa alivuta pumzi aseme anaumwa. Lakini kutoka safu ya nyuma, kwa sauti ya Zainabu, ikaja, "Niko, mheshimiwa." Harufu ya udongo ikapita juu ya viti. Nekesa aligeuka nyuma, na Zainabu akauona uso wake ukishtuka, halafu ukilegea, halafu ukitabasamu kama anayemwona mwenzake wa kila siku.

Zainabu alisimama. "Roda amekufa!" alipiga kelele. "Aliyeitika ni mimi! Mheshimiwa, ni mimi!" Alisema mpaka koo likamuuma, na waziri akafunua karatasi, na Simiyu akanywa maji, na karani akatia tiki, akaendelea na majina mengine hadi akafika la mwisho.

"Zainabu Wesonga?"

"Niko!"

Karani alingoja. "Zainabu Wesonga?"

"Niko! Niko hapa! Nekesa, waambie!" Alimshika Nekesa mabega akamtikisa, na Nekesa akajikuna begani.

"Yuko wapi huyu?" Simiyu aliuliza, tabasamu limemtoka. "Si ndiye mkubwa wenu?"

Nekesa alisimama kwa adabu. "Hatujui, mheshimiwa. Hatujamwona tangu ile siku ya kuhesabiwa."

"Basi ni tisa," waziri alisema. "Kituo cha watu tisa kinafungwa, Mheshimiwa Mwenyekiti. Mimi nilisema."

Zainabu alianguka kitini, akilia kwa sauti ambayo haikufika popote. Karani alilaza rula juu ya jina lake, akalipiga mstari. Nekesa alikaa, akapangusa macho, akauokota mkoba wake sakafuni na kuuweka kwenye kile kiti kilichokuwa wazi pembeni mwake, juu ya mapaja ya Zainabu.