Baiskeli Yenye Upindo

Kila jioni, kazi ya shule ikiisha, Sindano alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani ya mama yake akashona vifungo. Jina hilo alipewa na mama mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwembamba na hatulii mahali pamoja. Mama alikuwa fundi wa nguo, na sare za watoto wengi wa mtaa zilipita mikononi mwake. Wateja walipokuja kupimwa, wengine walibana tumbo na wengine walijivuta juu ili waonekane warefu. Mama aliwaambia wote maneno yaleyale: "Simama kawaida."

Sare zote alizishona na upindo mpana chini, ili mtoto akirefuka upindo ufumuliwe na nguo iendelee kuvaliwa. Katika nyumba ile kila kitu kilinunuliwa kikubwa kidogo. Hata viatu vya Sindano vilianza maisha yao vikiwa vimejazwa pamba mbele.

Kwa mwaka mzima Sindano alikuwa amejifunza kuendesha baiskeli ya mbio aliyoachiwa na binamu yake. Sasa alikuwa amerefuka, na magoti yalikaribia kugonga usukani. Kila Jumamosi asubuhi aliendesha na watoto wenzake, akiwemo rafiki yake Mshale, msichana mwenye miguu mirefu ambaye hakuna aliyemfikia. Mama aliweka akiba kidogo kidogo mpaka ikatosha kununua baiskeli nyingine.

"Hii ya pili tutaichagua wenyewe," alimwambia binti yake. "Lakini ni moja tu. Tukikosea, ndiyo hiyohiyo tutakayokaa nayo."

Dukani, fundi wa baiskeli aliwatolea mbili zilizokwisha kutumika. Moja ilikuwa nyekundu, ndefu, inang'aa, sawa kabisa na ya Mshale. Ya pili ilikuwa ya kijivu, ndogo kidogo, rangi imechubuka karibu na gurudumu. Maskini ile ya kijivu, hata salamu haikupewa. Sindano aliirukia nyekundu. Ncha za vidole tu ndizo zilizogusa chini, na ilimbidi anyooshe mgongo na mikono ndipo azifikie breki.

"Unajisikiaje, binti?" fundi akauliza.

"Vizuri. Inanitosha kabisa," alisema, huku amejivuta kadiri alivyoweza.

"Naona kama imekuzidi."

"Atakua tu," Mama akasema. Nyumbani kwao kuzidi kidogo hakukuwa kasoro.

Fundi akakuna kidevu. "Basi nendeni nayo mkaijaribu mpaka Jumatatu. Ikimkataa, irudisheni. Ila hii ya kijivu siahidi kuwa mtaikuta."

Jumamosi ilianza kwa raha. Mshale aliisifu baiskeli, na Sindano akajiona mkubwa. Lakini walipofika kwenye mlima, mabega yalikuwa yanawaka moto na vidole vimekufa ganzi. Kwenye njia panda alitaka kusimama ghafla, mguu ukakosa ardhi, akaangukia kwenye majani pamoja na baiskeli yake.

"Umeumia?" Mshale akauliza.

"Hata. Nimeteleza tu."

Jioni alikaa kwenye kigoda kama kawaida. Sindano ya mkononi ilimponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Mama akasimamisha cherehani.

"Lete mikono."

Aliisugua polepole, kidole baada ya kidole, kama alivyofanya wakati binti yake alipokuwa mdogo na kuna baridi. Hakugomba wala hakuuliza kitu. Huruma ile ndiyo iliyomshinda Sindano. Machozi yakamtoka.

"Ni baiskeli, Mama. Inaniumiza. Nilijua tangu palepale dukani."

"Mbona hukusema?"

"Niliitaka ile nyekundu, ifanane na ya Mshale. Halafu nikaona nitarefuka na ile ndogo haitanitosha tena, na wewe utaanza upya kushona mpaka macho yakuume."

Mama alimvuta kifuani. Maneno yale yalimgusa kuliko alivyotaka kuonyesha.

"Kosa si lako peke yako," alisema. "Nilikutazama kama ninavyotazama gauni. Gauni likizidi, nalikunja. Wewe ukiumia kimyakimya, nitakunja nini?"

Jumatatu baada ya shule waliirudisha nyekundu. Mahali pa ile ya kijivu palikuwa patupu. Sindano akaitafuta kwa macho huku na huku.

"Jana alikuja mtoto mmoja kuijaribu," fundi akasema. "Akaipenda kweli. Lakini akaniambia mwenyewe kuwa kwake ni kubwa. Iko ndani, naitia upepo."

Sindano alipanda. Safari hii mikono ilifika kwenye breki bila kujinyoosha sana, na miguu ilikanyaga chini. Aliposhuka, fundi akalegeza nati iliyo chini ya kiti, akalivuta bomba lake juu kuwaonyesha. Kumbe kipande kirefu kilikuwa kimejificha ndani ya fremu.

"Akirefuka mnalipandisha kidogo kidogo, mwisho alama hii," akaeleza.

Mama aliinama akatazama, akacheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe nayo ina upindo!"

"Sasa sema," fundi akamgeukia Sindano. "Ni wapi panapokusumbua?"

Alitamani kujibu kuwa hakuna, wasije wakabadilisha mawazo. Alimtazama mama yake. "Usukani uko mbali kidogo," alisema.

"Hilo linarekebishika," fundi akajibu, akachukua spana.

Mama alimwekea Sindano mkono begani. "Mwanangu, panapobana anapajua mwenye mwili. Sema ukweli mapema, hata kama unaogopa utakosa ulichokitaka. Sisi tunaokupenda tunakupima kwa maneno yako. Ukitupa kipimo cha uongo, hata mapenzi yetu yatakubana."

Sindano aliitikia kwa kichwa. Fundi alipomaliza na kusogea nyuma kumwangalia akiwa na baiskeli yake, msichana akajikuta ameinua visigino ili aonekane mrefu zaidi.

"Simama kawaida," Mama akamwambia, kwa upole.

Akashusha visigino. Miguu yote miwili ikatulia chini.