Huyu Anakuingizia Nini?

Chai ya yule mgeni haikutoa mvuke. Chesang aliliona hilo na akalipuuza. Alikuwa ameichota mwenyewe kutoka kwenye sufuria iliyokuwa ikitokota, na kikombe kilimchoma vidole akikipeleka mezani, lakini alipokiweka mbele ya yule mwanamume mvuke ulikatika ghafla, kana kwamba mtu ameufunika kwa kiganja.

Ulikuwa msimu wa mvua. Asubuhi za Salgaa zilikuwa za baridi, ukungu umelala juu ya barabara kuu, matrela yamejipanga kando yake kama ng'ombe waliochoka. Kila aliyeingia hotelini aliburura tope jekundu mpaka chini ya meza. Mgeni huyu alivaa koti la kijivu lililopigwa pasi, na viatu vyake vilikuwa vikavu.

"Karibu, boss. Nikuwekee chapati?"

"Sili," alisema kwa upole. "Nimekuja kukaa tu. Naona nafasi iko."

Nafasi ilikuwepo, tena nyingi. Tangu mumewe Weldon afariki, Chesang alikuwa akipambana na kile kibanda cha mabati peke yake. Alipika githeri, samaki, matumbo, pilau, ugali wa mtama, chochote alichodhani dereva angekitamani, na jioni nusu yake ilikwenda kwa mbwa. Nyuma ya hoteli kulikuwa na vyumba viwili alimoishi na binti yake Zeddy, mtoto wa gredi ya pili mwenye kifua kinachobana, pamoja na mama mkwe wake. Huyo mama kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya, hata madereva wa kutoka mbali. Alikaa karibu na mlango akichambua maharagwe na kuwauliza wapita njia habari za kwao. Jikoni alikuwepo Okeyo, mtu mzima, mpole, mzito kidogo wa mikono.

Mgeni alizungusha kijiko ndani ya chai asiyoinywa. "Mama biashara," alisema, "unapika vitu vingi na hakuna hata kimoja watu wanachokizungumzia. Pika vichache. Chapati, maharagwe, nyama ya kuchemsha. Viwe na ladha ileile leo na kesho, ili mtu akitoka Malaba awe anajua atakachokikuta. Na hilo jiko litoe huko nyuma. Dereva akiwa kwenye usukani hasomi kibao. Ananusa."

Chesang hakuwa amemwomba ushauri. Lakini usiku huo aliyawaza maneno yale, na kesho yake yeye na Okeyo wakalihamishia jiko mbele. Kabla ya saa sita meza zote zilikuwa na watu.

Basi yule mwanamume akawa anakuja kila siku, meza ileile ya pembeni, na kila siku aliacha neno. Weka maji ya moto mlangoni, dereva aliyelala garini anatamani kunawa uso. Weka mahali pa kuchajia simu, atakaa zaidi na ataagiza tena. Shika majina yao. Mfuko wa hoteli usiuchanganye na mfuko wa nyumbani. Yote yalikuwa maneno ya akili, na yote yalifanya kazi. Chesang aliongeza mabenchi, akapaka mabati rangi, akaanza kulala usingizi. Hakumuuliza mtu yule jina lake. Kila alipotaka kumuuliza, swali lilimtoka kichwani.

Kitu kimoja tu kilimkera. Meza ile ilikuwa na harufu, hafifu, ya nywele zilizoungua. Aliisugua kwa sabuni, akaisugua tena kwa dawa ya choo. Harufu haikutoka.

Siku moja mgeni alimtazama paka wa pale, aliyekuwa akilamba maziwa kwenye kifuniko. "Huyu anakuingizia nini?"

Chesang akacheka. "Kwa kweli? Hakuna."

"Basi ni gharama."

Kesho yake Okeyo alimkuta paka nyuma ya magunia ya makaa. Hakuwa na jeraha. Alikuwa amekauka tu, mwepesi kama ganda la hindi, macho wazi. Wakasema amekula sumu ya panya.

Haukupita muda, mgeni akageuza uso kuelekea jikoni. "Yule bwana anamenya viazi polepole sana. Wenzake wangekuwa wamemaliza gunia. Anakuingizia nini?"

"Ni mzito, ni kweli," alisema Chesang, akiwa ameshika sahani mikono miwili na watu wakimwita huku na huku. Akaenda zake.

Jioni Okeyo alimfuata nje, karibu na matangi ya maji, mkono wake wa kulia ukining'inia kama wa shati lililoanikwa. "Mathe," alinong'ona, yaani mama, kama madereva walivyomwita, "huyo mzee wa pembeni ni nani?"

"Ni mteja. Mkono umefanya nini?"

"Nilikuwa namenya, nikasikia mtu amenishika kiwiko kwa nyuma. Baridi, mathe, baridi kama chuma ya asubuhi. Nikageuka. Hakuna mtu. Nikaangalia huku mbele, yeye yuko palepale kwa meza, ananiangalia. Na kijiko kinazunguka kwa kikombe, lakini mikono yake yote iko kwa magoti." Akatazama barabarani. "Mimi narudi nyumbani. Usinikasirikie."

Chesang alimsindikiza kwenye gari, akajiambia ni mishipa, mtu akibeba magunia miaka mingi mishipa huchoka. Alijiambia hivyo mara nyingi. Kuanzia siku hiyo, hata mgeni akiwa ameondoka, aliusikia mlio ule pembeni, kijiko kikigonga kuta za kikombe taratibu, ting, ting, na akienda kuangalia meza ilikuwa tupu na imefutwa.

Alipaswa kumfukuza. Alilijua hilo. Lakini ni nani anayemfukuza mtu aliyemjazia hoteli? Na siku aliyoamua kwamba atasema kitu, hoteli ilifurika, watu wakila wamesimama, na Kogo, akijaribu kusaidia, akamwagia dereva mmoja mchuzi kwenye suruali. Yule dereva akafoka. Chesang akaomba radhi, akafuta, akageuka, na uso wa mgeni ulikuwa karibu kabisa na wake, ingawa hakuwa ameinuka.

"Mama huyu anakalia kiti cha mteja. Anakula. Anamwaga. Anakuingizia nini?"

Chesang hakusema ndiyo. Mungu ni shahidi wake, hakusema. Alichoka tu, akaguna.

Kuguna kulitosha.

Kogo hakuamka asubuhi. Alikuwa anapumua, lakini pumzi ilikuwa ndogo, ya mbali, na ngozi ya mashavu ilikuwa imeingia ndani kana kwamba kuna kitu kinamnyonya kutoka upande wa pili. Blanketi lake lilinuka nywele zilizoungua. Chesang aliushika ule mkono uliokuwa umempokea siku ya harusi yake na kumpaka mafuta, kisha akauweka chini polepole. Akatoka mbio kwenye mvua bila viatu mpaka sokoni kwa Nakhumicha.

Nakhumicha aliuza nguo za mitumba, lakini watu walikuja kutoka Rongai hadi Mau Summit ili awaombee wagonjwa wao. Alisikiliza yote akiwa ameshika sweta la mtoto mkononi, kisha akaliweka chini, wakafuatana. Walipofika, alisimama nje ya mlango wa hoteli na akakataa kuingia.

"Umemkubalia nini na nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Chesang akamweleza. Paka. Okeyo. Kogo.

"Huyo si mtu, mama. Ni jini. Wengine huja kwa kelele, wanarusha mawe juu ya mabati. Huyu amekuja na faida. Hawezi kuchukua kitu hujampa, ndiyo maana anauliza."

"Nifanye nini?"

"Mkatae kwa kinywa chako, asikie. Halafu hicho alichokupa kitoe chote, usibakishe, usidai. Mimi nitaomba, lakini mlango ulifunguliwa na wewe."

Wakati huo ndipo Chesang alipoisikia sauti ya Zeddy ndani. Mtoto alikuwa akimjibu mtu.

Aliingia. Jiko lilikuwa linawaka lakini hapakuwa na joto, meza zote zilikuwa tupu ilhali nje watu walikuwa tele, na pale pembeni, kwenye ile meza yenye harufu aliyoisugua mpaka vidole vikachubuka, Zeddy alikuwa amekaa na sare yake ya shule akiwa amekabiliana na yule mwanamume, sahani ya maharagwe katikati yao, mtoto ameinamisha kichwa kama anayekaripiwa, na kijiko kikizunguka chenyewe ndani ya kikombe, kikizunguka, kikizunguka, na mwanamume akimgeuzia Chesang uso uleule wa upole ambao sasa aliona haukuwahi hata siku moja kupepesa macho.

"Na huyu," alisema. "Dawa za kifua. Karo. Viatu kila mwaka. Anakuingizia nini?"

"Ni mtoto wangu."

"Sijauliza ni nani."

Chesang alihisi baridi ikimshika kooni ili maneno yasitoke, aweze kuguna tu. Akafunga meno asitoe sauti yoyote isiyo neno. Kisha akayasukuma maneno yakatoka.

"Nimekataa. Huyu nimekukatalia. Na Kogo nimekukatalia. Na Okeyo. Toka!"

Mabenchi yakaburuzika peke yake kwenye sakafu. Moto wa jiko ukazimika wote mara moja. Nje sauti ya Nakhumicha ikapanda, ikiita jina la Yesu, na Chesang akamnyakua Zeddy, akamkabidhi kwake, akarudi ndani na kuwasha moto upya.

Alifungua stoo. Unga wote, maharagwe yote, nyama yote, sukari yote. Akasimama mlangoni, akapaza sauti barabara nzima ikasikia: "Kujeni mkule! Leo ni bure, nyinyi wote, kujeni!"

Walikuja. Madereva na utingo wao, wanawake wa karoti na viazi, watu wa bodaboda, chokoraa wa stendi, hata wale waliokuwa na hoteli zao. Akina mama walioona hali yake hawakuuliza kitu, walikunja mikono ya nguo wakasukuma chapati. Na mgeni alikuwa bado amekaa pembeni, watu wakimpita bila kumwona, na kila sahani ilipotoka alimwambia Chesang, kwa sauti iliyokuwa inapungua lakini iko ndani kabisa ya sikio: utafilisika, mama biashara. Hao hawatarudi. Weka akiba ya kesho. Bakisha hata gunia moja. Moja tu. Rangi ya koti lake ikawa inafifia kama kitambaa kilichosahauliwa juani, kisha uso, kisha macho. Chesang alikung'uta gunia la mwisho kwa mikono yake miwili. Alipogeuka, kiti kilikuwa kimeungua umbo la mtu, na kutoka vyumba vya nyuma Kogo alikuwa anakohoa na kuitisha maji.

Walianza upya. Jiko alilibakisha mbele na maji ya moto mlangoni, kwa sababu ushauri ule haukuwa na kosa lolote. Okeyo alirudi, vidole vyake vikiwa bado vizito zaidi ya zamani, na hakuna aliyemharakisha. Kogo aliendelea kuwauliza watu habari za kwao, ingawa maneno mengine yalimpotea njiani.

Ni baadaye kidogo Chesang alipoona kwamba Zeddy anaacha nusu ya chakula. Sketi ya shule ilikuwa inamshuka kiunoni.

"Mbona huli, mwanangu?"

"Nimeshiba."

"Hujashiba. Niambie."

Mtoto akatazama mlango kwanza. "Yule mzee alisema nakula sana na siingizi kitu. Nikamwambia nitakuwa nakula kidogo." Akashusha sauti. "Nilimkubalia, Mama."

Chesang alimwita Nakhumicha jioni hiyohiyo, na wakaomba mpaka sauti zikawakauka. Lakini mpaka leo, ukipita Salgaa saa ya chakula cha mchana, utaikuta hoteli imejaa, watu wanagonga meza wakiita, "Mathe! Mathe, chai!", naye hageuki. Ameketi mbele ya binti yake, mikono juu ya meza, anamtazama akitafuna, tonge baada ya tonge, mpaka sahani iishe.