Andika Jina Lako, Lusajo

"Haya Joyceline, iendeshe tuone," alisema Madam Lukresia, mwalimu wetu wa utangulizi wa programu za kompyuta.

Joyceline akapita mbele ya darasa kwa maringo yote ya Bariadi mjini. Lusajo, mchumba wangu mimi, alikuwa akimchekea hadi gego la mwisho.

"Unaingiza saa na jina, yenyewe inakusalimia Kisukuma. Nimeiandika mwenyewe, Madam."

Mwongo! Kisukuma kakijulia wapi, binti wa ofisa aliyehamia juzi kutoka Tanga? Programu ile niliiandika mimi.

Wiki iliyopita Lusajo aliniuliza kama nitakubali anioe. Wazee wake wa Tukuyu walikuwa tayari kuja kwetu Zagayu, wanangoja neno langu tu. Kwetu binti harukii kujibu kama kuku aliyeona mtama, nikamwambia asubiri. Kesho yake akapiga simu.

"Nyamizi mama, hili zoezi la salamu limenishinda. Niandikie basi."

"Zoezi jepesi hivyo?"

"Mi mtu wa mawazo makubwa, bwana."

Mawazo makubwa! Mtu anavaa miwani ya jua darasani, halafu anamuuliza jirani kompyuta inawashwaje. Lakini nilimpenda, na penzi halina macho. Nikaiandika, nikaficha jibu langu humo humo. Kisha nikamtumia na ujumbe:

"Ukiwa peke yako, iendeshe uandike jina lako. Jibu langu limo."

Akajibu: "Poa mama."

Siku zikapita, kimya. Nikadhani anaona haya. Mjinga mimi!

"Ingiza jina lolote," Madam alisema.

Joyceline akamkonyeza Lusajo, akaandika saa, kisha jina la huyo huyo Lusajo. Maneno yakajaa ukutani kwa projekta, darasa zima tukayasoma:

"Mwadila, Lusajo. Mimi Nyamizi wa mzee Shigela nimekubali kuwa mke wako. Waambie wazee waje Zagayu."

Darasa lililipuka kwa kelele. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Lusajo!" Joyceline alifoka. "Si ulisema umeniandikia mimi kwa sababu unanipenda?"

"Hiyo... hiyo ni virusi."

"Virusi vina baba anaitwa mzee Shigela?" Ngassa wa dawati la nyuma alidakia, watu wakazidi kucheka.

Madam akafungua kazi ya Lusajo. Ile ile, neno kwa neno.

"Uliiendesha hata mara moja?"

"Niliiamini tu, Madam."

"Basi wewe na Joyceline mna sifuri. Na Nyamizi, kumfanyia mwenzako kazi ni kosa. Nakukata alama."

"Nikate tu, Madam," nilisema, machozi yakinilenga. "Somo nimelielewa."

Nje Lusajo alinikimbilia, miwani mkononi.

"Mama, kumbe umekubali! Jibu nimelisoma, leo leo nawapigia wazee."

"Umelisoma, au umesomewa na Joyceline?"

"Shetani tu alinipitia, Nyamizi. Nisamehe."

Nilikaa kwenye benchi, nikafungua laptop, nikabadili mstari mmoja.

"Andika jina lako."

Aliandika, akasoma kwa sauti:

"Mwadila, Lusajo. Usije Zagayu. Msalimie Joyceline." Akanitazama. "Sasa hii ndiyo nini?"

"Programu ina 'kama', halafu ina 'la sivyo'. Lilikuwa somo la kwanza kabisa, Lusajo. Wewe ulikuwa unajipiga selfi."

Nikafunga laptop, nikamwacha pale. Nilipofika nyuma ya maktaba nililia sana, maana nilikuwa nimempenda kweli. Nilipomaliza nikajifuta na khanga, nikampigia baba, ambaye nilishamdokeza.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mwanangu. Vipi, wageni wa Tukuyu wanakuja lini? Mama yako keshaanza kupaka kuta rangi."

"Hawaji, baba."

"Kwa nini tena?"

"Kijana hajui kusoma."

Nilisikia ng'ombe wakilia nyuma yake.

"Si ulisema yuko chuo kikuu?"

"Ndiko aliko, baba."