Mume wa Liuli

Vitalis hakuwa na gari, hakuwa na bastola, hakuwa na adui hata mmoja, wala hakuwa na akili ya kutambua kwamba fundi cherehani wa Mbinga havihitaji. Alikuwa na flashi iliyojaa tamthilia za siku hizi, zile ambazo mpelelezi hafikiri: anaruka ghorofa, anamvunja mtu taya, kesi imekwisha.

Alikutana na Gaudiosa sokoni, kwenye kibanda cha kuwekewa tamthilia. Alivaa gauni la kitenge cha manjano, na ulimi wake ulikuwa mkali.

"Kaka, hiyo ni ya upelelezi au ya ngumi?"

"Yote mawili, dada."

"Basi si yoyote."

Wakapendana. Simu za umekula, mpenzi, umelalaje, zikawa hazikatiki, hadi siku Vitalis alipomsikia Gaudiosa akimwambia mtu kwenye simu, "Kesho nashuka Liuli, mume wangu."

Kuuliza kungemgharimu pumzi moja. Lakini mpelelezi wa runinga haulizi. Kesho yake Vitalis akamfuata kwa bodaboda, koti la ngozi mwilini na miwani myeusi usoni, akashuka hadi kwenye joto la ziwa akichuruzika jasho kama mtungi mbovu. Akafika, akaupiga teke mlango ambao haukuwa umefungwa, akaangukia ungo wa usipa mkavu, dagaa wa ziwa hilo.

"Yuko wapi mumeo?"

Gaudiosa alikuwa akimmiminia chai mzee asiye na jino. "Ndiye huyu. Babu yangu, mzaa baba."

"Mke wangu," mzee akauliza, "huyu anaumwa?"

"Haumwi, mume wangu. Anaangalia sana runinga." Kisha akamgeukia. "Vitalis, bibi yako anakuitaje?"

Bibi yake alimwita mume wangu tangu ananyonya.

Gaudiosa akaacha kupokea simu zake. Alipopokea hatimaye, alikuwa na swali moja: kuuliza kulimshinda nini?

"Niliogopa utasema ni kweli."

Lilikuwa neno lake la kwanza la maana tangu anunue ile flashi.

"Babu havamiwi, mpenzi. Anaombwa. Andika."

Vitalis akaandika barua ya posa. Mjomba wake Pankras, mshenga, akaisoma, akafuta neno "mtuhumiwa", akamrudishia aandike upya kama mtu mzima. Akaandika upya. Akalamba gundi, akaibana bahasha kwa kiganja, akaandika juu yake: Kwa Mzee Hyasinti, Liuli. Pankras akaitia mfukoni, akapanda gari la kushuka ziwani.