Aliyeaga kwa Adabu

Mchana ule nyumba ya wageni ilikuwa na watu wanne. Wa kwanza ni mwenye nyumba, mjane mnene mwenye sauti ya kupigia mbiu, ambaye wapangaji wote walimwita Mama Wageni. Alikaa ukumbini akichambua mchele. Wa pili ni Fundi Saa, mpangaji wa siku nyingi na mtu wa maneno haba, aliyeinama dirishani na lenzi yake jichoni, akichokoa tumbo la saa ya mkono. Wa tatu ni mzee aliyestaafu kazi ya kukagua mizani ya wafanyabiashara. Kwao aliitwa Bwana Mizani, na jina hilo alikuja nalo mjini. Wa nne ni mkewe, Mama Watoto, aliyelala chumbani, macho yote mawili yamefungwa bendeji baada ya kupasuliwa mtoto wa jicho.

Mwingine hakuwepo. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa komeo.

Ndipo ikasikika hodi. Haikutoka mlango wa mbele. Ilitoka mwisho wa ujia, penye stoo ya magodoro mabovu. Sauti ya chini, ya mtu mstaarabu anayekohoa kwanza.

"Karibu!" akaitikia Bwana Mizani, macho yakiwa gazetini.

Hakuingia mtu. Ila ilipita harufu ya mkaa uliozimwa kwa maji, ikavuka ukumbi taratibu, ikaelekea vyumbani. Mikono ya Mama Wageni ilisimama ndani ya mchele.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, "nani kakutuma ujibu?"

"Mtu kabisha hodi, Mama. Nimwache mlangoni kama mbwa?"

"Humu ndani hodi haijibiwi mpaka mtu ajitaje. Sikukwambia nilipokupa ufunguo?"

"Uliniambia. Nilidhani ni kwa sababu ya wezi."

"Wezi!" alisema Fundi Saa, na hilo likawa neno lake la siku hiyo.

Bwana Mizani alikuwa ameutamani mji huu tangu alipoonyeshwa kwenye ramani ya ukutani shuleni. Sasa aliletwa na macho ya mkewe, akaona haya kuufurahia. Mama Watoto mwenyewe ndiye aliyemfukuza kitandani pake.

"Nenda ukatembee, baba watoto. Ukibaki hapa utanihesabia pumzi tu. Mimi nitauona mji kwa mdomo wako."

Akawa anatoka asubuhi na kurudi jioni. Hakuwa msafiri wa kukodolea macho maghorofa. Alisalimia kabla ya kuuliza njia, aliomba ruhusa kabla ya kutazama kazi ya mtu, na mbele ya jengo kuukuu alisimama muda mrefu akiwawaza waashi waliolijenga, ambao hakuna aliyewaandika popote. Sokoni tu ndipo kazi ya zamani ilipomrudia. Hapo alitazama kidole gumba cha muuzaji kabla ya uso wake, na kidole kikigusa sahani ya mizani, aliondoka bila kununua. Kazi ilikuwa imemfunza kwamba binadamu ni mwizi mpaka mizani iseme vingine.

Jioni moja alikaa kando ya mkewe. "Leo nimepita mtaa wa mafundi viti," akaanza.

"Umeshanisimulia. Yule kipofu anayesuka viti huku akiimba. Mbona unarudia kama kasuku?"

"Nimekusimulia saa ngapi?"

"Mchana, ulipokuja kunishika mkono."

Bwana Mizani alicheka, akasingizia dawa. Lakini usingizi ulimkataa. Mchana kutwa hakuwa amekanyaga nyumba ile. Nani alibaki? Mama Wageni huwa jikoni. Fundi Saa hubaki, na chumba chake kinatazamana na chao. Mtu wa maneno haba ukumbini, huenda ana maneno tele kwa wake za watu.

Kesho yake alirudi mapema, kwa mwendo wa paka. Fundi Saa alikuwa dirishani pake. Chumbani, kiti kilichokuwa ukutani kilikuwa kimesogezwa kando ya kitanda, na kitako chake kilikuwa na unyevu. Harufu ya mkaa ilikuwa imejaa.

"Nani alikuwa humu?"

"Wewe," alisema Mama Watoto.

"Usinifanye mtoto, mama."

"Na wewe usinifanye mjinga. Macho sina, lakini pua ninayo. Unatoka jikoni kwa mwanamke gani kila siku, unaninukia mkaa?"

Usiku huo walilala mzungu wa nne.

Asubuhi alimvizia Fundi Saa ujiani. "Bwana, mke wangu ni mgonjwa."

"Najua. Namsikia akicheka."

"Anacheka na nani?"

Fundi Saa alimtazama, kisha akamvuta mkono hadi penye mwanga. "Mzee, mimi nilijua ni wewe. Sauti ni yako. Lakini jana nimekuona kwa macho yangu unavuka barabara unakuja, na wakati ule ule sauti yako ilikuwa chumbani inazungumza."

Siku hiyo Bwana Mizani aliaga kama kawaida, akafungua mlango wa mbele na kuufunga bila kutoka, akavua viatu na kurudi ujiani, akabana mgongo kwenye ukuta wa chumba chake, na haukupita muda harufu ile ilimpita usoni kama pumzi ya mtu, kiti kikaburutwa ndani, na akaisikia sauti yake mwenyewe, yenye kikohozi chake mwenyewe, ikimsimulia mkewe habari za mtaa ulio nyuma ya mitaa yote, wenye milango isiyo na nyumba, ambako watu hukaa wamepeana migongo na hakuna anayehitaji macho, mtaa mzuri, wenye kivuli, nao watakwenda wote wawili bendeji zikifunguliwa, na Mama Watoto, aliyekuwa hajamchekea yeye tangu ule ugomvi, akacheka na kusema, "Nipeleke, baba watoto, nimechoka kulala."

Akausukuma mlango. Hapakuwa na mtu kitini. Mkono wa mkewe ulikuwa hewani, vidole vimekunjika kama vilivyoshikwa na vingine.

Mama Wageni alimwita mganga. Alikuja mtu mwembamba, shati limepigwa pasi, tai shingoni na mkoba mkononi.

"Huyu si karani wa bima?" alinong'ona Bwana Mizani.

"Ulitaka aje na pembe?" alijibu Mama Wageni.

Mganga alinusa ujia wote, kisha akauliza swali moja. "Nani alimkaribisha?"

"Mimi."

"Basi hafukuzwi. Mgeni aliyekaribishwa husindikizwa. Utatangulia hadi njia panda, yeye atafuata. Usigeuke. Na lile neno ambalo mwenyeji humwambia mgeni anayeondoka, lisitoke kinywani mwa mtu yeyote wa nyumba hii. Likitoka, atakuwa mgeni wa aliyelisema, popote atakapokuwa. Mgonjwa naye aambiwe."

"Mgonjwa hapana," alisema Bwana Mizani. "Daktari amekataza asitishike wala asilie. Chozi litaharibu kidonda. Mimi nimwambie kwamba aliyemshika mkono siku zote hizi ni nani?"

Mganga alifunga mkoba wake polepole. "Mke ni wako, mzee."

Alasiri walitoka. Bwana Mizani alitembea katikati ya watu wa mji, meno yameumana, na harufu ikamfuata. Alipopita mbele ya duka la nafaka, sahani ya mizani iliyokuwa tupu ilizama hadi chini, na muuzaji akaipiga kofi akidhani imekwama. Duka la pili ikawa vivyo hivyo, na la tatu, na kila ilipozama alijua bila kugeuka kwamba aliye nyuma yake ana uzito, uzito mkubwa kuliko wa mtu. Penye njia panda alisimama. Harufu ilikatika kama uzi. Sahani ya muuzaji wa jirani ikapanda juu, ikatulia.

Alirudi nusura acheze. Alimkuta Mama Watoto ameketi kitandani, uso umetulia.

"Kumbe si wewe uliyekuwa unakuja," alisema. "Nisamehe kwa yale maneno ya mkaa."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Kapita hapa kabla hamjatoka. Leo hakuongea kwa sauti yako. Alisimama mlangoni akasema, 'Mama, kwaheri.' Kwa adabu, utadhani kalelewa na bibi yangu."

Bwana Mizani alishika ukingo wa kitanda. "Ukamjibu nini?"

"Mtu akikuaga, baba watoto, unamjibu nini? Nilimwambia karibu tena."

Bendeji zilifunguliwa, na daktari akasifu macho yale. Walirudi kwao. Bwana Mizani hakutoka tena kutembea. Alikaa mlangoni na kiti chake, akawakataza watoto na wajukuu kuitikia hodi, nao wakasema uzee umempanda kichwani. Alhamisi moja, mchana, alikwenda dukani kununua sabuni. Sahani ya mizani ya dukani ilizama mbele yake, tupu, kisha ikapanda.

Alipofika nyumbani, kiti kilikuwa kando ya kitanda. Mama Watoto alikuwa amefariki.