Mita Mbili Zilizobaki

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, Jumamosi saa tano asubuhi, jengo zima la maduka likiwa limefurika watu. Ndani walikuwa saba: wanawake wawili na vikapu vyao, muuza simu, mtu na mkewe waliokuwa wamenuniana tangu chini, mzee mwenye redio, na fundi wetu wa cherehani, aliyekumbatia majora mawili ya kitambaa cha pazia.

"Jamani, tulieni," sauti ya mwanamume ilisema kutoka juu. "Hamtaanguka. Ila msibonyeze kitu chochote."

"Tumeshabonyeza vyote," fundi akajibu.

"Vyote?"

"Hata kile chekundu. Mara mbili."

"Basi tusameheane," sauti ikasema, na watu saba wakacheka, hata wale waliokuwa wamenuniana.

Mlango ulifunguliwa kwa chuma, mikono ikashuka, watu wakavutwa mmoja mmoja. Fundi alitoka wa mwisho kwa sababu hakukubali kuyaacha majora yake. Mwenye mikono alivuta, akavuta tena, na shati lake la kazi likachanika kutoka kwapani mpaka kiunoni. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye grisi shavuni na penseli sikioni. Alimtazama huyu mwanamke aliyevaa gauni la kijani la mikono mipana, futi ya kupimia shingoni, pini zimepangwa kwenye ukosi, akasahau shati.

"Ghorofa ya nne, mlango wa mwisho," fundi alimwambia. "Lilete hilo nilishone, maana limekufa kwa ajili yangu."

"Na nikija na shati zima?"

"Tutatafuta pa kulichana."

Alikuja Jumatatu na lile lililochanika. Wiki iliyofuata akaja na lingine lisilo na kifungo hata kimoja. Fundi aliligeuza, akalitazama kwa makini. Vifungo sita havidondoki siku moja, tena uzi ukiwa umekatwa sawasawa kwa kisu. Alivishona vyote, na moyo wake ukawa mwepesi siku nzima.

Fundi huyu alikuwa na daftari la vipimo lenye jalada gumu, na humo ndani hukuti jina la mtu hata moja. Majina humpotea, mabega hayampotei. Kila mteja alimpachika la kwake: Mama Haraka, Mwalimu Tumbo, Bibi Harusi wa Tatu. Siku moja yule mwanamume alichungulia, akaona ukurasa wake: *Bwana Lifti. Bega la kulia limeshuka kidogo.*

"Kumbe nimeshuka bega."

"Kidogo tu. Nikikushonea mimi halionekani."

"Basi nishonee wewe maisha yote," akasema, kisha akajifanya kutafuta penseli yake, ambayo ilikuwa sikioni pale pale.

Mambo hayakwenda mbio. Bwana Lifti alikuwa amefiwa na mke miaka minne nyuma. Alikuwa na binti wa miaka saba, mwenye alama ndogo nyeusi shavuni, ambaye daftari lilimpokea kwa jina la Kidoti. Nyumbani kwake aliishi pia mama wa marehemu, aliyehamia siku ya msiba kumlea mjukuu na hakuondoka tena. Fundi alikuwa amefika pale mara chache. Bibi alimkaribisha vizuri, akampa chai, akamwuliza habari za kazi, basi. Picha ya marehemu ilikuwa ukutani juu ya kiti cha Bibi, na fundi kila mara alichagua kukaa mahali ambapo haioni.

Mwaka ukapita hivyo. Halafu simu ikalia.

"Fundi wangu."

"Sema, Bwana Lifti. Nina pini mdomoni."

"Zitoe basi, nina habari. Kidoti amenikaba koo. Darasani wote wameshakwenda kwenye ile bustani ya michezo ya maji, isipokuwa yeye na mtoto mmoja mwenye tetekuwanga. Nimekubali. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, familia nzima."

"Hata Bibi?"

"Hata Bibi. Amesema atakaa kivulini alinde viatu."

Mwezi ule ukawa wa mipango. Kule, mtelezo mkubwa una mstari mwekundu ukutani, na mtoto asiyefika sentimita mia na ishirini haruhusiwi kupanda. Kidoti alikuwa na mia na kumi na tisa. Kila Jumatano akitoka shule alipitia kwa fundi, akasimama wima mlangoni, fundi akachora mstari wa chaki juu ya kichwa chake.

"Nimeongezeka?"

"Ukivuta pumzi."

"Nitavuta siku nzima."

Kisha kulikuwa na suala la nguo. Kule mtu haingii majini na nguo za kawaida, lazima ziwe za kuogelea. Bibi alipelekwa madukani kuzitazama, akarudi akasema umri wake haumruhusu kutoka mbele za watu amevaa soksi ya mwili mzima. Ikaamuliwa washone.

Bwana Lifti alileta kitambaa mwenyewe, kile laini kinachovutika, rangi ya samawati chenye duara za manjano. "Familia nzima kitambaa kimoja," akasema, "tusipoteane majini." Akampa na karatasi ya vipimo iliyoandikwa na Bibi, aliyejipima mwenyewe nyumbani. Simu yake ikaita, kuna lifti imekwama jengo la pili, akambusu fundi kwenye paji la uso, akakimbia.

Fundi aliikunjua karatasi. Bwana Lifti. Kidoti. Bibi, ya mikono mirefu na suruali. Watu watatu. Aliigeuza upande wa pili, hapakuwa na kitu.

Alikaa nayo mkononi muda mrefu. Lazima tuseme, hakuwa mtu wa kununa ovyo. Lakini aliwahi kuwa na mchumba kwa miaka minne, akamshonea suti tano, na ile ya tano yule bwana aliivaa kumwoa mwingine. Tangu hapo alijua jinsi inavyokuwa kushonea watu sherehe ambazo wewe mwenyewe hukualikwa. Familia nzima. Watu watatu. Mwaka mzima alidhani anaingia katika nyumba ile polepole, kumbe bado yuko mlangoni na futi yake shingoni.

Angeuliza. Neno moja tu, na mimi na wewe tungekwenda zetu. Lakini sisi watu tuna ugonjwa huo: swali dogo tunalimeza, halafu linatukaa kifuani kama tonge kavu. Hakuuliza.

Alishona. Alishona vizuri kuliko kawaida, kwa hasira, mishono midogo iliyonyooka. Alipomaliza zikabaki mita mbili kamili. Mwanaume akitumwa kununua kitambaa, alijisemea. Alizikunja, akaziweka juu ya zile nguo tatu, kwa sababu kitambaa kinachobaki ni cha mwenyewe, hilo hakulivunja hata siku moja. Akauacha mfuko kwa mlinzi wa mlango wa chini.

Alhamisi jioni Bwana Lifti akapiga.

"Mpenzi, mlinzi amenipa mfuko. Mbona umeuacha kwake? Nilidhani ungekuja nazo Jumamosi."

"Jumamosi nina kazi."

"Kazi gani, Fundi? Siku hii tumeipanga mwezi mzima."

"Mmeipanga. Na iwe njema. Furahia na familia yako."

Alisikia pumzi yake kwenye simu. Nyuma yake Kidoti alikuwa akiimba kitu kuhusu maji.

"Kumbe ndivyo," Bwana Lifti akasema taratibu. "Ungeniambia mapema, nisingekulazimisha."

"Hujanilazimisha kitu."

"Haya, Fundi. Usiku mwema."

Hakumwita fundi wake. Fundi akaiweka simu juu ya meza, karibu na mkasi, na akalia kidogo, kwa sababu kile *kumbe ndivyo* alikisikia kama mtu anayefunga mlango.

Ijumaa alasiri alikuwa anapindua suruali ya Mwalimu Tumbo aliposikia mtu anahema kwenye ngazi. Mlangoni alitokea Bibi, kanga mbili safi, mkoba mkononi, na Kidoti nyuma yake na sare ya shule.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe kiti. Nimepanda kwa miguu."

"Si ungepanda lifti?"

"Lifti za mkwe wangu nazijua. Kila siku anaitwa kuzitengeneza."

Alikaa, akapumua, kisha akatoa kile kitambaa kilichokunjwa akakiweka mezani. "Hii ni nini?"

"Mabaki, Bibi. Kilizidi."

"Hakikuzidi. Nilikinunua mimi, huyo mkwe wangu alikuwa mbebaji tu. Nilimwambia muuzaji: mtoto mita moja, baba yake moja na nusu, mimi mbili na nusu maana sina haraka ya kuonekana, na fundi mbili."

Fundi alisikia masikio yanamwaka moto. "Lakini karatasi ilikuwa na watu watatu."

"Mwanangu, nani anampelekea fundi vipimo vya fundi? Nilijua vyako unavyo."

Fundi akatupia jicho daftari lake. Hakuwa navyo. Daftari lile lilikuwa la kumi na mbili tangu aanze kazi, lina mabega ya nusu ya mji, na yeye hakuwa na ukurasa. Akitaka kujishonea, alichukua gauni lake la zamani, akalilaza juu ya kitambaa, akakata kwa kulifuatisha. Hakuna aliyewahi kumpima. Alilisema hilo kwa sauti, na lilipomtoka lilikuwa zito kuliko alivyotarajia.

Bibi alikuwa anazipapasa zile duara za manjano kwa kidole.

"Binti yangu nguo yake ya mwisho nilimnunulia mimi kitambaa," akasema. "Baada ya hapo sikukanyaga duka la vitambaa. Sasa usidhani ilikuwa rahisi kusema *na fundi mbili*. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa. Halafu nikasema. Nimesema, ukanirudishia zimekunjwa."

"Bibi, nisamehe. Nilidhani mmenihesabu nje."

"Na mwenzako anadhani umetuchoka. Anadhani ni mimi na ile picha ukutani. Tangu jana hajala, anakaza skrubu za viti ambavyo havijalegea." Akavua kanga ya juu, akakunja mikono. "Simama nikupime. Kidoti, lete daftari."

"Nipime mimi," Kidoti akasema, "wewe Bibi soma namba." Akapanda juu ya kigoda, akaivua ile futi shingoni mwa fundi kwa mikono miwili, taratibu, kama alivyomwona fundi akifanya kila Jumatano. Alipima kifua, akapima kiuno, akapima mkono. Pumzi yake ilinuka pipi. Fundi alisimama katikati ya chumba chake mwenyewe, mikono imetanuka, machozi yanashuka bila kufutwa maana aliambiwa asitikisike.

"Bega la kushoto limeshuka," Kidoti akatangaza.

"Andika," Bibi akasema.

"Huku juu niandike nani? Kila mtu ana jina lake."

"Fundi," fundi akasema.

"Hiyo ni kazi, si jina."

Kidoti aliinua macho kwa bibi yake, na fundi pia akainua. Bibi alikohoa.

"Andika Wa Kwetu," akasema.

Kidoti akaandika, kwa herufi kubwa zilizopanda juu ya mstari.

Viatu vilisikika vinapanda ngazi mbili mbili. Bwana Lifti aliingia akihema, grisi shavuni, shati limelowa. Lifti ya jengo alikuwa ameizima katikati ya matengenezo ili aje kumwona fundi, na hata yeye ilibidi apande kwa miguu. Alimwona mkwewe, akamwona binti yake juu ya kigoda, akamwona fundi na uso wake uliolowa.

"Mama, ulisema unakwenda sokoni."

"Nimeshamaliza soko," Bibi akasema, akachukua mkoba wake. "Kidoti, njoo mlangoni tuitazame ile mistari yako ya chaki." Wakaenda mlangoni wakawapa mgongo, ingawa Kidoti alikuwa anageuka kila mara.

"Nilihesabu vibaya," fundi akamwambia. "Nikakusemea maneno. Ningekuuliza, nikaogopa jibu."

"Na mimi niliogopa kukuuliza." Akavuta pumzi. "Fundi wangu, kesho nilikuwa na mpango. Kidoti ashuke ule mtelezo, Mama akae na viatu vyake, sisi wawili tuingie pale kwenye maji ya kiunoni, halafu nikuulize kama utakubali nikuoe. Nimeufanyia mazoezi mwezi mzima, kwenye lifti, mlango ukiwa umefungwa."

"Nani alikuwa anajibu?"

"Hakuna. Zilikuwa lifti tupu."

Fundi alicheka, akajifuta uso kwa ukosi wenye pini, akajichoma, akacheka tena. Kisha akazikunjua zile mita mbili, akazitandaza juu ya meza kubwa, akazinyoosha kwa kiganja mpaka hakukubaki hata mkunjo.

"Usiniulize sasa," akasema. "Kesho uniulize kama ulivyopanga, hukohuko majini. Jibu nitakuja nimelivaa."

Akachukua chaki, akaweka daftari wazi pembeni kwenye ule ukurasa mpya, akasoma namba ya kwanza, akaanza kukata.