Koki ya Gari Jeusi

Kila asubuhi Baba Mkubwa alikunywa chai yake amesimama, mkono mmoja umeshika kikombe, mwingine uko mfukoni ukizipapasa funguo za kazini. Alikuwa kaka wa baba yangu. Mkewe alifariki bila kumwachia mtoto, naye akahamia kwetu. Chumba chake kilinuka petroli hata Jumapili.

"Shemeji, si ukae basi," mama alimwambia.

"Nikikaa, magoti yataomba likizo," alijibu, akaondoka.

Alikuwa fundi katika makumbusho ya magari na ndege za zamani. Sifa ya mahali pale ni kwamba kila kitu kilifanya kazi. Magari yenye umri wa miaka tisini yaliwaka na kuwazungusha wageni uwanjani. Ndege ya mabawa ya kitambaa ilinguruma hadi madirisha yakatetemeka. Kila maonyesho yalipokwisha, Baba Mkubwa alimwaga maji yote ya rejeta, tangi la kupozea injini, ili kutu isiile kwa ndani, kisha akaning'iniza kwenye usukani kibao kikionyesha upande mwekundu, ulioandikwa KAVU. Akijaza maji tena, alikigeuza upande wa buluu, ulioandikwa MAJI. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Dereva akiona buluu, aliwasha gari bila kufungua boneti.

Mwaka ule mambo yalikuwa yameanza kumwendea kombo. Mara moja aliacha ghala wazi, mara nyingine akasahau kuzima taa. Meneja alimwambia wazi: "Fundi, nakuheshimu, lakini ukisahau tena itabidi upumzike." Baba Mkubwa alitusimulia hayo huku akicheka. Chai yake hakuimaliza.

Ijumaa moja darasa letu lilikwenda kutembelea makumbusho. Njiani Kasuku, rafiki yangu aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake, alianza kunichokoza.

"Eti baba yako mkubwa ni fundi! Si ndiye yule anayefagia?"

"Anafagia akishamaliza kutengeneza. Na mimi mwenyewe magari yale nayajua."

"Wewe? Hata baiskeli inakushinda!"

Wenzetu waliangua kicheko. Nilisikia masikio yananiwaka moto.

Tulipofika, wote waliizunguka ndege kumtazama Baba Mkubwa akiiwasha injini kwa kulizungusha panga la mbele kwa mkono. Nilimvuta Kasuku hadi kwenye gari jeusi, kongwe kuliko yote. Kibao chake kilikuwa buluu. Niliinama, nikafungua koki ndogo chini ya rejeta. Maji yaliruka, yakaingia kwenye mfereji wa sakafuni.

"Umeona? Hapa ndipo linapokojoa."

Kasuku alicheka hadi akashika tumbo. Mara Mwalimu akatuita. Nilisukuma koki kwa haraka, nikakimbia. Sikuangalia kama maji yamekoma.

Nusu saa baadaye dereva alitazama kibao, akawasha gari, akapakia wanafunzi wanne. Mzunguko wa kwanza tulipiga makofi. Wa pili tulisikia harufu ya kuungua. Wa tatu, mvuke ulifoka kwenye boneti, kitu kikagonga ndani kama nyundo, na gari likasimama. Wanafunzi waliruka chini salama.

Baba Mkubwa alikuja mbio, akalala chini ya gari. Alipoinuka, uso ulikuwa umemsawijika.

"Rejeta ni kavu. Koki iko wazi nusu."

"Ulijaza maji bila kuifunga," alisema meneja.

"Niliifunga." Akaitazama mikono yake. "Nadhani niliifunga."

Meneja alinyoosha kiganja. Baba Mkubwa akaziweka funguo juu yake. Kasuku alinigeukia, nikatikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza maishani, Kasuku alinyamaza.

Jumatatu Kasuku aliniuliza, "Utasema lini?"

"Kesho."

Jumanne nilimjibu vilevile.

Nyumbani Baba Mkubwa hakuwa yule tena. Aliandika kwenye karatasi kila alichofanya: nimezima jiko, nimefunga mlango. Kisha akaenda kuhakikisha. "Shemeji, nimekwisha kula mimi?" alimuuliza mama siku moja, na hakuwa akitania. Jumatano jioni tulimkuta akifunga mizigo.

"Nakwenda kukaa kwa dada," alisema. "Kichwa changu kimechakaa. Sitaki siku moja niwachome moto na watoto humu ndani."

Mama alianza kulia. Mimi nilimsogelea.

"Baba Mkubwa, koki niliifungua mimi."

Alisimama na shati mkononi. "Lini?"

"Ulipokuwa unawasha ndege. Nilitaka kumwonyesha Kasuku."

"Ilikuwa imefungwa?"

"Ilikuwa imefungwa kabisa."

Aliketi kitandani. Nilingoja anichape, au anikumbatie. Hakufanya lolote. Alirudia tu, "Niliifunga. Kumbe niliifunga," hadi mama akanitoa chumbani.

Asubuhi alinipeleka kazini kwake. Nilisema yote mbele ya meneja, dereva na wafagiaji, huku machozi yakinidondoka. Meneja alimwomba msamaha, akamrudishia funguo. Lakini injini ya gari jeusi ilikuwa imepasuka, na vipuri vyake havitengenezwi tena popote. Walilisukuma hadi chumba cha nyuma.

Baba Mkubwa alinisindikiza hadi getini.

"Bado umenikasirikia?" nilimuuliza.

"Ndiyo," alisema. "Na si kwa ajili ya gari. Kuchezea koki ni utoto, na kosa lile lilikuwa la dakika moja. Ungesema palepale, ningekugombeza na yangekwisha. Lakini kila asubuhi uliamka, ukaniona nikijiandikia karatasi kama mgonjwa, ukachagua kunyamaza. Mara tano. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyohiyo. Ukichelewa, mwenzako ndiye anayelipa."

Alirudi ndani. Alifunga geti la nondo, akatembea hatua tatu, kisha nikamwona akigeuka kulitikisa tena, kuhakikisha kama kweli amelifunga.